Mwinjilisti Aliyeogopa Kuku

Siku ya kwanza mama huyo alipopanda kibarazani kwangu pale Nyololo, alitaka nimshonee joho la ibada lenye mifuko minne. Nilikuwa nimeshashona majoho ya watu wa kanisa lake na sare za kwaya yao, nikajua joho la namna ile halina mfuko hata mmoja. Nikamwambia. Akasema, "Fundi, Bwana Yesu mwenyewe lazima alikuwa na pa kuweka leso." Halafu akacheka. Alicheka kama mtu anayemwaga gunia la viazi kwenye sakafu ya mbao, na mimi nikashona mstari mzima wa suruali ya mteja upande usiofaa.

Jina lake ninalijua. Lakini mume wangu alimwita Mwinjilisti, wateja walimwita Mwinjilisti, na kwenye simu yangu ameandikwa Mwinjilisti, kwa hiyo na hapa abaki hivyo. Mimi ni Mwislamu. Babu yangu mzaa baba alipanda huku kutoka pwani na mabunda ya kaniki, akakuta baridi, akakuta bibi yangu, hakurudi tena. Nimekulia Iringa mjini, nikaolewa Nyololo, na cherehani yangu inatazama barabara kuu. Ninasema hivyo ili ijulikane kwamba sikumjua kwenye benchi la kanisa. Nilimjua kwa futi ya kupimia. Nilimpima kiuno mwaka hadi mwaka kwa miaka kumi na moja, na mtu unayempima kiuno hana namna ya kukuficha mambo yake.

Hiyo mifuko minne ilikuwa na kazi. Wa kwanza ulikuwa wa kitabu cha nyimbo, wa pili leso, wa tatu pipi za watoto wa Shule ya Jumapili, ambazo nusu yake alizila mwenyewe njiani. Mfuko wa nne ulikuwa wa kikopo cha ugoro. Kanisa lake lilikuwa linakataza ugoro, na yeye mwenyewe alikuwa hanusi. Kila akifungua kile kikopo alipiga chafya tano, sita, mpaka machozi. Lakini kule alikopangiwa kazi, wazee na bibi wote walikuwa wananusa, na alikwishagundua kwamba mtu aliyekaribishwa ugoro huwa anakukaribisha kigoda.

Alikopangiwa ni kijiji cha juu kabisa, ukishapita misonobari na mashamba ya chai, mahali ambapo ukungu haushuki ila unakaa. Watu wa kule walikuwa na msitu mdogo kilimani walimolazwa wazee wao, na kabla ya kupanda, kabla ya kuoza binti, kabla ya kusafiri, walikwenda pale na unga na ulanzi kidogo, ile pombe ya mianzi, wakawaambia waliolala habari zote. Hawakuwa wanakataa kwamba Mungu yupo. Walimwita Nguluvi, kama wanavyomwita hata kanisani wanapoimba kwa lugha ya nyumbani. Ila waliona si adabu kumwendea moja kwa moja. Unamwambia baba yako aliyelala, naye anamwambia babu yako, na babu anajua njia. Aliyekuwa anaushika huo msitu ni mzee mmoja mrefu wa koti la jeshi na kofia ya sufu, ambaye wote tulimwita Mzee wa Makaburi, na mwenyewe aliitikia bila kinyongo.

Namna walivyokutana hao wawili nilisimuliwa na kila mmoja kwa wakati wake, na kwa bahati simulizi zililingana. Mwinjilisti alipanda kilima akiwa na joho jipya, akamkuta Mzee amesimama nje ya msitu ameshika kuku mweusi. Wakasalimiana.

"Kamwene."

"Kamwene, baba."

Akaanza kueleza ametumwa na nani na amekuja kwa habari gani. Mzee akamsikiliza kwa heshima zote. Alipofika katikati, Mzee akataka kutafuta kitu mfukoni, akamkabidhi kuku. "Nishikie kidogo, mama."

Kitu ambacho Mzee hakukijua, na ambacho wakubwa wa kanisa nao hawakukijua walipomtuma, ni kwamba Mwinjilisti alikuwa anaogopa kuku. Nyoka alimpiga kwa fimbo, mbwa alimkemea, mlevi mwenye panga alimwambia aketi naye akaketi. Kuku akimtazama kwa lile jicho la pembeni, alikwisha. Alipiga kelele iliyosikika mpaka shuleni, akamrusha yule kuku hewani, akapanda kichuguu na joho lake na viatu vyake, akabaki huko juu ameshika mdomo. Kuku akakimbilia kwenye mahindi. Tambiko la siku ile likaahirishwa.

Baadaye nilimwuliza Mzee kwa nini hakukasirika. Akanijibu, "Mtu aliyekuja kukudanganya hapigagi kelele mbele ya kuku. Anajikaza. Huyu nikajua ni mtu wa kweli, basi nikamwambia shuka, mama, tuongee."

Msiba ni kwamba zawadi ya mgeni kule ni kuku. Kila alikotembelea alifungiwa kuku, na kukataa ni tusi. Alishuka Nyololo kwenye pikipiki, kuku amefungwa nyuma ndani ya kikapu, yeye amesogea mbele mpaka dereva karibu akae kwenye tangi la mafuta. Akifika kwangu anaruka chini kabla pikipiki haijasimama. "Fundi! Mtoe! Mtoe ananihesabu vidole!" Miaka yote hiyo nyumba yangu ilikula kuku wa Injili, na mume wangu, ambaye ni mtu wa swala tano, alikuwa akiuliza kwa unyenyekevu mkubwa kama Mwinjilisti atashuka wiki hii.

Kunibadilisha dini alijaribu, hilo ndilo lililomleta duniani, asingenijaribu ningemshangaa. Kila Jumapili alinialika kanisani, kila Ijumaa nilimwalika msikitini, na wote wawili tulikuwa na kazi siku hizo. Mwaka mmoja aliniambia hawezi kuniombea vizuri bila kujua ninavyohisi ndani ya Ramadhani, kwa hiyo atafunga siku moja pamoja nami. Nikamwambia afunge kimyakimya huko huko kilimani. Saa saba mchana namwona anakuja anavuka barabara bila kuangalia magari, uso umemwanguka kama mtu aliyeua.

"Fundi, nimekula kiazi."

"Kimoja?"

"Walikuwa wanachemsha nyumba ya pili. Harufu ilikuja yenyewe."

Nikamwambia Mungu ni msamehevu. Akasema hilo analihubiri kila wiki ila leo ndiyo amelihitaji kwa ajili ya kiazi, na tukacheka, mimi na njaa yangu na yeye na shibe yake, mpaka nikalazimika kwenda kuchukua udhu upya kwa namna nilivyocheka.

Mahubiri yake sikuyasikia ila mara mbili, kwenye msiba na kwenye harusi, na kwenye msiba ndipo alipojiharibia. Mchungaji aliyekuwa juu yake alikuwa amekuja. Huyo Mchungaji alikuwa mtu mwembamba, viatu vinang'aa hata wakati wa matope, mtu wa haki lakini asiyependa mambo yatoke nje ya mstari. Akakaa kwenye benchi la mbao la familia ya marehemu, benchi likasema neno moja tu, likavunjika. Mchungaji akakaa chini miguu juu. Hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha tukasikia kutoka upande wa wanakwaya sauti kama birika linaloanza kuchemka. Mwinjilisti akaona kicheko hawezi kukizuia, akakigeuza kuwa wimbo. Alianza pambio kwa sauti ya juu kuliko ilivyostahili msiba, machozi yanamtoka, mabega yanatikisika, na watu wa kijiji wakasema hawajaona mwanamke anayemlilia jirani kiasi kile. Mchungaji peke yake ndiye aliyejua.

Naomba nisieleweke vibaya. Mtu mwenye kicheko huwa anadhaniwa ni laini, na yeye hakuwa laini. Kulikuwa na mjane kule kijijini, mwanamke wa makamo mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, na watoto wa jirani walipougua mfululizo, watu wakaanza kusema ni yeye anayewaroga. Wakaanza kupita mbali na mlango wake. Mwinjilisti alipopata habari hakuhubiri. Alibeba godoro lake kichwani, akahamia kwa mjane. Alilala pale majuma mawili, akala kwenye sufuria ya mjane, akachota maji naye, na kila aliyepita barabarani alimwita kwa jina: "Karibu ugali! Mboga ni mchicha!" Waliopita mbali mwanzoni walianza kupita karibu kwa aibu, na watoto wakapelekwa zahanati, wakaonekana wana malaria.

Ambaye Mwinjilisti alimkasirikia kuliko wote ni Mzee wa Makaburi, kwa sababu Mzee alikuwa na neno pale kijijini na hakulisema. Mwezi mzima hakumpelekea ugoro. Mwezi mzima akipita nje kwake hasalimii, na kule kutosalimia mzee ni jambo linalozungumzwa hata kwenye mashine ya kusaga. Mwishowe Mzee mwenyewe akashuka Nyololo, safari ambayo hakuifanya hata kwa uchaguzi. Akasimama mbele ya cherehani yangu ameshika kofia.

"Wewe ndiye fundi wake?"

"Ndimi, Mzee. Karibu."

"Mwambie mama yule nimekosea. Nilijua yule mjane hana kitu, nikaogopa watoto wa ndugu zangu wataniambia nimezeeka. Mwambie hivyo hivyo. Usiongeze."

Sikuongeza. Mwinjilisti aliposikia alivua viatu, akavivaa, kisha akaniambia nimfungie kikopo kwenye kitambaa kizuri, na ule mzunguko wa chafya ukaanza upya.

Kwa ulanzi wa tambiko alikuwa wazi tangu mwanzo. Mzee alimwalika, akaenda, akakaa nje ya miti. "Sitamwaga, sitakunywa," alimwambia. "Lakini nitakaa, kwa sababu umenialika." Akakaa. Walipomaliza akaanza kuuliza. Huyu aliyelala hapa ni nani? Alikuwa mtu wa namna gani? Alipenda nini? Mzee, ambaye wajukuu zake walikuwa hawamuulizi ila chaji ya simu, akamwambia majina kumi na manne, kutoka baba yake mpaka yule wa kwanza aliyepanda kilima akikimbia vita. Mwaka uliofuata Mwinjilisti aliyataja yote bila kukosea, na siku ya mavuno akayataja kanisani, akimshukuru Mungu kwa ajili ya watu waliofyeka pori ambalo washarika wanalima leo.

Hilo likamfikia Mchungaji. Alimfuata mpaka kibarazani kwangu, nikiwa namwekea pindo.

"Mwinjilisti, umesoma orodha ya mizimu madhabahuni?"

"Nimesoma majina ya mababu, Mchungaji."

"Kuna tofauti gani?"

"Kila Krismasi tunasoma mababu wa Bwana Yesu, na wengine wao, Mchungaji, walikuwa watu wabaya kabisa. Hawa wa kwetu walikuwa wanalima viazi tu."

Mchungaji alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyesema. Nikauma pini mdomoni ili nisicheke.

Sasa nifike kwenye jambo la miti, maana hapo ndipo alipokaribia kupoteza kila kitu, na hapo ndipo ninapokuwa shahidi kwa macho yangu.

Washarika walikuwa wameongezeka, na kile kibanda cha mabanzi hakikutosha. Mchungaji akataka kanisa la matofali. Vijana wa uamsho, watu wazima wenye wake lakini waliitwa vijana, wakasema lijengwe palepale kilimani, kwenye msitu. Wakasema miti ile ikianguka, giza limeanguka. Serikali ya kijiji ikakubali, maana hakuna mwenye hati ya makaburi. Mwinjilisti alipinga kwenye kikao, akazidiwa. Alikuwa amemwahidi Mzee, miaka ya nyuma, kwamba kwa mikono yake hakuna atakayegusa pale, na sasa ilikuwa inafanywa kwa jina la kazi yake.

Asubuhi ya siku yenyewe alikuja kwangu mapema, pindo la joho limefumuka. Nilishona yeye akiwa amelivaa. Hakutania hata mara moja, na hilo lilinitisha. Nikafunga duka, nikapanda naye pikipiki moja, watatu pamoja na dereva, tukapanda kwenye ukungu.

Tulikuta watu kama arobaini. Vijana wanaimba, Mchungaji ameshika kitabu, na fundi wa msumeno wa mashine, mtu wa kuajiriwa kutoka kwenye misonobari, amesimama anatafuna muwa. Mzee wa Makaburi alikuwa peke yake upande wa pili, koti limefungwa vifungo vyote. Mwinjilisti akapita katikati yao, akaenda akakaa kwenye mzizi wa mti mkubwa kuliko yote, joho jeupe juu ya majani.

"Inuka," akasema Mchungaji kwa upole. "Usijiaibishe."

"Mchungaji, mimi nilitumwa kuwaletea hawa watu habari njema. Huyu mzee nikimkatia miti ya kaburi la baba yake, nitamwambia habari gani baada ya hapo?"

"Hayo makaburi ndiyo yanayowafunga."

"Basi tuwafungue wao. Miti imekosa nini?"

"Kikao kimeshaamua. Ukikaa hapo unakaa kinyume na kanisa lako. Chagua."

Nilimwona anashika pindo la joho. Hana mume, hana shamba, alichonacho ni ile kazi na lile joho nililomshonea. Mzee naye aliona. Akasema kutoka kule aliko, "Mama, toka tu. Usipoteze kazi kwa ajili yetu. Sisi tumeshazoea."

"Wewe Mzee nyamaza," akamjibu. "Mimi naogopa. Usinisaidie kuogopa."

Mchungaji akampa ishara fundi wa msumeno aanze na miti ya pembeni. Fundi akatupa muwa, akavuta kamba. Msumeno ukakohoa. Akavuta tena. Ukakohoa, ukanyamaza. Akavuta mara ya tatu, ya nne. Kimya. Uimbaji ukapungua. Upepo ukapita kwenye majani, ukungu ukasogea kidogo, na mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Wamekataa."

Fundi akavuta mara ya tano. Hakuna.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sijawahi kuliona tena. Kiongozi wa vijana wa uamsho, yule aliyesema giza litaanguka, aligeuka, akaanza kutembea kuteremka. Halafu akatembea haraka. Wa pili akamfuata, wa tatu, kisha wote wakawa wanakimbia, wanateleza kwenye majani yenye umande, viatu vinabaki, mwingine ameshika ngoma kichwani, na mmoja anakemea mapepo huku anakimbia bila kugeuka. Katika dakika mbili tulibaki saba tu: Mchungaji, Mwinjilisti, Mzee, fundi wa msumeno, mimi, na bibi wawili wa kanisa ambao magoti yao hayakimbii.

Mwinjilisti akamwuliza fundi kutoka pale alipokaa, "Kaka, umeweka mafuta?"

"Niliweka jana."

"Jana ulikata nini?"

"Mikaratusi ya mwenyekiti."

"Yote?"

Fundi akafungua kifuniko, akachungulia, akautikisa msumeno sikioni. Akamtazama Mchungaji kwa soni. "Hamna kitu, Mchungaji. Pakavu."

Kicheko kilimtoka Mwinjilisti kutoka tumboni. Aliteleza kutoka kwenye mzizi, akakaa kwenye majani, akapiga ardhi kwa viganja. "Mchungaji," alikuwa akijaribu kusema, "Mchungaji... wamekimbia... wamewakimbia watu wanaosema hawapo!" Bibi wawili wakaanza. Mimi nikaanza. Mzee wa Makaburi akageuka upande mwingine, mabega yakamtikisika ndani ya koti la jeshi. Na Mchungaji, naapa, yule mtu wa viatu vinavyong'aa, alitoa leso akajifuta mdomo kwa muda mrefu kuliko mdomo unavyohitaji.

Alipoiondoa leso alikuwa mkali tena. "Kesho tutaleta mafuta."

"Kesho hawatapanda hao," akasema Mzee. Akasogea mpaka mbele ya Mchungaji. "Jengeni pale chini, kwenye maharage yangu, karibu na kisima. Pamenyooka, hapana mti. Nipeni majuma mawili nivune."

Mchungaji akamtazama kwa mashaka. "Kwa nini utupe?"

"Sikupi wewe. Huyu mama ana miaka kumi ananiuliza kila kitu na hajanidanganya hata siku moja. Nataka asihame, akae karibu."

Kanisa lilijengwa kwenye maharage. Ni zuri, lina bati la bluu, na miti iko kilimani mpaka leo. Lakini Mwinjilisti hakukaa karibu. Mwaka haukuisha ikaja barua kwamba anachanganya mambo, na kwamba atahamishiwa upande wa Mbeya, kwa Wasafwa. Aliisoma kibarazani kwangu kwa sauti, akicheka kila kosa la tahajia, mpaka akafika kwenye neno Mbeya. Hapo sauti ikakatika. Alilia kwa kutumia vipande vya vitenge vyangu, kimoja baada ya kingine, na mimi nikawa nampa kingine.

Mzee wa Makaburi hakubatizwa. Watu wa nje hupenda nimalizie kwamba alibatizwa, na mimi siwezi. Kila Jumapili alikwenda akasimama nje ya dirisha la lile kanisa, kofia kichwani, akasikiliza mpaka mwisho. Akiulizwa kwa nini haingii alisema anasikia vizuri tu. Msimu wa baridi wa pili baada ya Mwinjilisti kuhama, akaanza kukohoa, na hakupona. Nilipiga simu Mbeya. Mwinjilisti akaja kwa basi, akapanda kilima, akasimama kwenye miti na joho lake wakati wanamzika Mzee karibu na baba yake. Hakumwaga kitu. Hakuondoka mpaka udongo wa mwisho. Tukiwa tunashuka nilimwuliza kwa nia njema kabisa, "Sasa kwa imani yenu, Mzee yuko wapi?"

"Sijui, Fundi," akasema. "Usiniulize tena."

Sikumwuliza tena. Tulitembea mpaka Nyololo bila neno, na kwa yeye huo ulikuwa mwendo mrefu.

Mwaka jana nilikwenda Mbeya kununua vitenge Mwanjelwa, nikampigia. "Njoo nyumbani," akasema, "ila wewe ndiye utakayenitambua. Mimi sioni." Nilidhani anatania. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba ya kanisa, kwenye mteremko wa mlima kati ya mashamba ya viazi, amenenepa, kichwa cheupe, anageuza uso kutafuta nyayo zangu. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kesho yake alikuwa anapasuliwa jicho la kwanza hospitalini.

Jirani yake alikuwa amekaa naye, bibi wa Kisafwa mdogo wa umbo, mwenye shanga na koti la kiume, ambaye kwa ukoo wake ndiye anayezungumza na waliolala. Bibi huyo ndiye aliyekuwa anamfundisha Kisafwa, na akanisimulia bila huruma jinsi Mwinjilisti, Jumapili yake ya kwanza, alivyokusudia kusema "tuombe" akasema "tuoge," na kanisa zima likajitazama miguu.

"Usimwambie hayo," Mwinjilisti akalalamika. "Ananishonea. Atayaandika mgongoni."

Jua lilipoanza kupungua Bibi akatoa unga kwenye kibuyu kidogo, akakaa nao mapajani. Akasema polepole, "Mwinjilisti, kesho wanakushika macho. Mimi kuombea kwenu kanisani sijui. Najua kwangu tu."

Nilimjua Mwinjilisti vya kutosha kujua alikuwa anapima wapi pa kusimama, kama alivyokuwa akipima maisha yake yote. Kisha akanyosha mikono yote miwili kwenye giza lake. "Bibi, unga wako siupokei, unanijua. Lakini mikono yako naipokea. Sema nao kwa lugha yako, na mimi nitasema na wangu." Bibi akaweka kibuyu pembeni, akamshika, akaongea kwa muda mrefu kwa Kisafwa, akitaja majina. Alipomaliza, Mwinjilisti akageuza uso upande wangu. "Na wewe Fundi, usikae hapo kama mteja. Soma ya kwenu."

Nikasoma. Kisha yeye akafunga kwa kumwombea daktari: alale vizuri, mkono usitetemeke, na mkewe asimuudhi asubuhi.

Siku ya tatu walitoa bandeji. Tulikuwa tumesimama miguuni pa kitanda, mimi na Bibi. Muuguzi alimwinua, akamwambia afungue jicho taratibu. Akafungua. Likatazama dari, likatazama dirisha, likashuka mpaka kwangu, likakaa. Lilikuwa jekundu na lenye maji, na nilijua linaniona kwa sababu lilianza kukunjamana pembeni.

"Fundi!" akasema. "Kumbe umezeeka hivi!"

"Na mimi?" Bibi akauliza, amejinyosha.

"Wewe ulikuwa mzee tangu tuonane. Ila hakuna aliyeniambia kwamba u mzuri."

"Mama, usicheke," muuguzi akasema. "Utaliumiza jicho. Usicheke kabisa."

Akafumba mdomo. Akashika shuka kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kwenda. Bibi akaanza, mimi nikaanza, na muuguzi akatusukuma mimi na Bibi nje, akafunga mlango. Tukakaa kwenye benchi la korido, tumeshikana mikono, tunasikia kitanda kinavyotikisika kule ndani, na muuguzi akisema, "Mama, nimesema usicheke, Mama," kwa sauti ya mtu ambaye naye ameshaanza.